Kayamba la Nne

Alhamisi, tarehe tisa Aprili. Rasharasha ilianza kabla ya alfajiri, na saa mbili asubuhi ilikuwa bado inanyunya, mvua ya aina ile isiyomzuia mtu kutoka wala isiyomruhusu kufika mkavu. Inspekta alikung'uta mwavuli wake kwenye mlango wa wodi ya watoto, akaufunga, akausimamisha kando ya ndoo. Kazini walimwita Sindano. Wengine walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake, lakini waliofanya naye kazi walijua sababu ya pili: aliingia taratibu, na akitoka alitoka na uzi.

Nyuma yake alikuja Koplo, tumbo likiwa limemtangulia, akifuta miwani kwa ncha ya shati.

Katika kitanda namba sita alilala mtoto wa kike wa miezi kumi na moja, dripu imefungwa mguuni. Mama yake alikaa kwenye stuli, amemshika kidole kimoja, kama mtu anayeshika uzi wa kishada kisije kikapeperuka.

Daktari aliwaita dirishani.

"Anatapika tangu jana asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanzo tulidhani ni tumbo la kawaida. Si tumbo. Ni sumu. Alilazwa hapa kwa kifua, kifua kikapona, sasa anaumwa kitu alichokipatia humu humu ndani."

"Alikula nini?"

"Alitafuna hiki."

Kwenye sahani ya chuma palikuwa na kayamba la mtoto: kijiti cha mti chenye urefu wa shibiri moja, kimechongwa laini kama kifundo cha mkono, na katikati yake pete tatu za mti zilizocheza huku na huku bila kutoka. Hapakuwa na gundi wala kiungo. Pete na kijiti vilitoka kwenye kipande kimoja. Ncha moja ilikuwa imetafunwa, na daktari alikuwa amekipasua kwa kisu. Ndani, karibu na ganda, mti ulikuwa na rangi ya kijani, kama shaba iliyolala mvuani.

"Nashuku dawa ya kuhifadhia mbao. Ile ya kuzuia mchwa. Maabara watanipa jibu kesho."

"Kesho ni mbali," alisema Inspekta. "Yeye je?"

Daktari alimtazama mtoto. "Akivuka usiku wa leo, nitapumua."

Nesi mkuu alileta beseni. Ndani yalikuwamo makayamba kumi na sita. Chama cha Wakereza, mafundi wa kuchonga mti kwa mashine, alieleza, ndicho kilichoyatoa. Kila mwezi walileta sanduku bure kabisa: makayamba ya wachanga, pia za kuzungusha za watoto wakubwa, fimbo za kutembelea kwa wazee wa wodi ya pili. Jumatatu yalikuja makayamba ishirini.

"Kumi na sita haya, na moja la huyu," Koplo alihesabu. "Bado matatu."

"Matatu yameondoka na watoto walioruhusiwa. Akipona anapewa, ndiyo desturi yetu." Nesi alimeza mate. "Nimeyatazama haya yote, afande. Siwezi kutofautisha. Yote mazuri."

"Namba za simu za hao wazazi watatu unazo?"

"Ninazo kwenye kadi."

"Anza kupiga. Waambie wamnyang'anye mtoto kayamba, waliweke juu, wasilitupe. Na hili beseni asiliguse mtu."

Walipokuwa wanatoka, yule mama alisema bila kugeuka, "Mlimpa wenyewe. Nilisema asante mara mbili."

Inspekta alichukua mwavuli wake, akatoka.

*

Karakana ya Chama cha Wakereza ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti iliyozoea paredi. Inspekta alisimama kidogo kwenye lango. Ua ulikuwa mpya, nguzo kumi na mbili na seng'enge inayong'aa. Nguzo zilikuwa zimelowa chapa, na maji yaliyozitiririka yalikuwa yamezichora mistari ya kijani iliyokolea. Alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwa leso. Kisha akasema kimoyomoyo maneno aliyoyasema kwenye kila mlango wa kazi, "Ee Mungu, nionyeshe, usinionyeshe zaidi ya ninavyoweza kubeba," akaingia.

Ndani mlinukia mti mbichi na mafuta. Mashine tatu za kukerezea zilipangwa ukutani. Moja ilikuwa inazunguka, na mbele yake mzee mfupi mwenye kofia ya sufu alikuwa ameegemeza patasi kwenye kipande cha mti kinachozunguka. Maranda yalimrukia kifuani kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Juu ya mlango palipakwa maneno kwa herufi kubwa: SADAKA HAINA SAHIHI.

"Ndiyo kanuni yetu ya kwanza," Mwenyekiti alisema. "Kinachouzwa unaweza kukitia jina. Kinachotolewa, marufuku. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue."

"Kwa hiyo hamjui nani alitengeneza lipi."

"Hatujui, na hatutaki kujua."

"Leo mtataka," alisema Inspekta. "Mtoto mmoja yuko kwenye dripu."

Mashine ilizimwa. Mzee wa kofia aligeuka, patasi ingali mkononi. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa kwenye meza ya mwisho akipaka mafuta makayamba yaliyoanikwa juu ya rafu, aliacha kitambaa chake hewani.

Inspekta alieleza kwa sentensi tano. Alipomaliza, Mwenyekiti alimvuta kando.

"Afande, sipendi kusema watu. Lakini mti ni mti tu. Sumu iko kwenye kinachopakwa juu yake. Na anayepaka ni yule." Alinyoosha kidevu kuelekea kwa mwanamke. "Tunamwita Mama Rangi. Ana miezi mitano tu hapa. Kabla ya hapo alikuwa gerezani miaka miwili kwa kupika pombe. Mimi nilipinga asiingie. Waliniona nina roho mbaya."

Mama Rangi alikuwa na masikio mazuri. "Pombe yangu ilikuwa haramu, Mwenyekiti, haikuwa sumu! Uliza majirani zako walioinywa. Wote wazima, na wengine wanakuja vikao vyako!"

Koplo alikohoa kuficha kicheko.

"Unapaka nini, mama?" Inspekta aliuliza.

"Mafuta ya kupikia na nta ya nyuki. Nayeyusha pamoja. Basi."

"Kopo liko wapi?"

"Hili hapa." Kabla mtu hajamzuia, Mama Rangi alichota kwa kijiko, akameza, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Haya. Nikianguka mnizike. Nisipoanguka, kuna mtu ataniomba radhi."

Hakuanguka. Koplo alifunga kopo kwenye mfuko na kuliandikia lebo, maana utaratibu ni utaratibu. Lakini Inspekta alikuwa ameshaligeuzia kisogo. Kijani alichokiona hospitalini kilikuwa ndani ya mti, na mafuta ya kitambaa hayazami kiasi kile.

"Mama Rangi. Wewe unapaka kila kitu kinachotoka humu. Mikono ya mafundi unaijua?"

Mwanamke alisita. Macho yake yalikimbia upande mmoja wa chumba, yakarudi. "Sijui mkono wa mtu mimi."

"Hata mmoja?"

"Umesoma maandishi ya mlangoni, dada. Ukitaka kunikamata, nikamate. Njia ya huko naijua."

Inspekta aligeukia upande ule yalikokimbilia macho. Mtu anayekubali kubeba mzigo usio wake huwa anamjua mwenye mzigo.

"Na miti mnaitoa wapi?"

Alijibu mzee wa kofia, akija taratibu, akifuta mikono kwenye aproni. "Kapuni, mwanangu. Kila mwanachama analeta mabaki yake. Mguu wa kiti uliovunjika, tawi la mkungu, chochote. Kinachoingia kapuni kinapita kwangu kwanza. Nikikikubali, kinakerezwa. Nikikikataa, kinakwenda motoni."

"Unavijuaje?"

Mwenyekiti alicheka kwa fahari. "Huyu ndiye Mzee Pua. Nusu yetu hapa ametufundisha yeye. Mpe mti amefumbwa macho, ananusa mara moja, anakuambia ni mti gani, ulikatwa lini, na kama mbwa aliwahi kuukojolea."

"Mbwa dume au jike," Mzee Pua aliongeza, na kila mtu akacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Ndipo harufu ikaja. Kwenye jiko la umeme, karibu kabisa na kiwiko cha Mzee Pua, kopo la gundi lilikuwa limefurika, na gundi ilikuwa ikiungua kwenye koili. Ilinuka kama kwato inayochomwa. Mwenyekiti aliziba pua. Koplo aliruka nyuma, akagonga rafu. Mama Rangi alipiga kelele, "Gundi! Gundi jamani!"

Mzee Pua alikuwa bado anatabasamu kwa utani wake wa mbwa. Aliposikia kelele ndipo alipotazama huku na huku, akaona moshi, akazima swichi.

"Inaungua," alisema.

"Tumeona," alisema Inspekta.

Alikwenda kwenye rafu, akaomba maji katika bakuli, akaanza kuchovya ncha za makayamba, moja baada ya jingine, na kuyapanga juu ya gazeti. Yalikuwa tisa. Mti mkavu huficha mengi, lakini maji huusemesha. Manane yalikolea tu, kahawia au manjano. La tisa, alipolinyanyua, lilikuwa limetoka kijani pembeni, kijani kile kile cha kwenye sahani ya daktari.

Alilishika kwa leso, akamgeukia Mwenyekiti.

"Ua wako una muda gani?"

"Ua? Wiki mbili, tatu. Unahusika nini na..."

"Nguzo zimetiwa dawa ya mchwa."

"Nguzo zote za siku hizi hutiwa dawa."

"Ulizikata vichwa ziwe sawa. Vichwa vilikwenda wapi?"

"Jaani."

"Vyote?"

Sauti ya paredi ilipotoka, ilikuwa imepungua nusu. "Kimoja kilikuwa kimenyooka vizuri. Niliona ni dhambi kukitupa. Nikakitia kapuni."

"Ukijua kina dawa."

"Nilijua Pua atakinusa! Hajawahi kukosea miaka ishirini. Nilisema, kama hakifai atakitupa mwenyewe. Kapu lina mlinzi, afande. Kila mtu anatia macho yamefumba kwa sababu mlinzi yupo."

"Na asubuhi hii, nilipokuambia kuhusu mtoto, ukaniletea Mama Rangi."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mama Rangi aliweka kitambaa chake chini. Alikuwa anamtazama mzee, macho yamejaa maji.

Inspekta alivuta stuli mbili. "Keti, babu. Na mimi nikae. Nataka nione ufundi wako."

"Ufundi gani mwanangu, wakati huu?"

"Dakika moja tu. Fumba macho."

Alifumba. Inspekta alimwekea kipande cha mti kiganjani. Mzee alikipima uzito, akakikuna kwa kucha, akakipeleka puani, akavuta pumzi ndefu. "Mkaratusi. Una mwaka tangu ukatwe."

"Sawa kabisa," Mwenyekiti alinong'ona.

Alimwekea cha pili. Uzito, kucha, pumzi. "Mvule. Mzee huu, labda mguu wa meza."

"Sawa. Sasa cha tatu, babu, usikishike. Nitakushikia mimi. Nusa tu."

Inspekta aliinama, akatwaa kutoka chini ya meza kitambaa alichokichovya, mzee alipofumba macho, kwenye chupa ya tapentaini yenye harufu kali, akakinyoosha hadi kikawa umbali wa unywele mmoja mbele ya pua ya mzee. Koplo, aliyekuwa hatua tatu nyuma, alianza kutokwa na machozi.

Mzee Pua alingoja, macho yamefumba, uso umeinuliwa kama wa mtoto anayengoja kunawishwa.

"Haya, lete basi," alisema. "Nanusa."

Inspekta hakukiondoa kitambaa.

"Mwanangu? Lete."

"Nimeshaleta, babu."

Mzee alifumbua macho, akaona kitambaa. Alikitazama kitambaa, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na alipofika kwa Mama Rangi aliinamisha kichwa.

"Tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Tangu homa ya mwaka jana. Homa iliondoka na pua yangu, ikasahau kuirudisha. Nilisema itarudi kesho. Kesho. Kesho kutwa." Alivua kofia. "Miti mingi naijua kwa uzito na kwa kucha. Nilikuwa napatia. Hicho cha Mwenyekiti kilikuwa msonobari, rangi yake hafifu tu kikiwa kikavu. Ni harufu ndiyo ingenikataza."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeniita nani, mwanangu?"

Alisema bila kulalamika, akiuliza hasa. Mama Rangi aliangua kilio. "Nilijua, dada. Siku moja aliweka chai ikaungua mpaka sufuria ikatoboka, naye amekaa pale pale. Lakini ndiye aliyesema niingie, wakati Mwenyekiti alisema hapana. Ningemsema vipi?"

"Kwa mdomo," alisema Inspekta, bila ukali. "Babu, kipande hicho ulikipasua mara ngapi?"

"Mara mbili. Kilikuwa cha shibiri na kidogo. Vilitoka vinne."

"Ukavikereza vyote?"

"Vyote. Kwa mkono wangu."

Vinne. Kimoja kwenye sahani ya daktari, kimoja kwenye leso yake. Inspekta alimpigia nesi mkuu, akamwelekeza achovye ncha za makayamba ya kwenye beseni majini na ayatazame kwenye mwanga, na wazazi aliowapata wafanye hivyo hivyo. Walingoja. Mvua ilisikika kwenye bati, ikapungua, ikarudi. Hakuna aliyewasha mashine.

Simu iliita baada ya dakika kumi.

"Limo moja," nesi alisema. "La tatu kutoka mwisho. Kabla ya kutiwa beseni lilikuwa kwenye kabati, halijagawiwa. Wazazi wawili nimewapata. Wamechovya kama ulivyosema, ya kwao masafi."

"Na wa tatu?"

"Simu yake imezimwa. Nimepiga mara kumi na moja. Mtoto wake ana miezi saba, afande. Anaota meno."

*

Saa sita kasoro robo walikuwa wodini. Inspekta alikuwa ameshatuma watu wawili kwenye mtaa ulioandikwa kwenye kadi. Walirudi na habari kwamba mwanamke huyo alihama mwezi uliopita, na mwenye nyumba hajui alikohamia, ila kwamba anasuka nywele za watu kwa siku, leo hapa, kesho pale. Mwenyekiti alikuwa kituoni akiandika maelezo mbele ya karani, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Mzee Pua hakuwa na pingu. Koplo alikuwa ameuliza kwa macho, na Inspekta akatikisa kichwa. Atahojiwa, atafikishwa panapohusika, hilo halikuwa na mjadala. Lakini mzee aliomba jambo moja kwanza, na Inspekta aliona ni haki.

Walisimama mbele ya kitanda namba sita: mzee, Mama Rangi, Inspekta, Koplo, nesi mkuu. Daktari alibaki mlangoni. Mtoto alikuwa amelala, midomo imekauka. Mama yake aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta ni nani.

Mzee alisogea mbele, kofia mkononi.

"Mama," alisema. "Kwetu sadaka haina sahihi. Hakuna anayejua nani katengeneza nini. Lakini kosa lina mwenyewe. Kayamba la mwanao nililitengeneza mimi. Nilipaswa kuujua ule mti, na sikuujua, na nilikuwa nimewaficha watu kwamba siwezi tena kuujua. Hakuna mwingine."

Mwanamke hakuinuka. "Mtoto wangu akifa?"

"Sina neno la kukupa hapo. Namwomba Mungu anipe mimi ugonjwa wa kwake. Hilo ni lake kuamua."

"Basi umekuja kunipa nini?"

Nje mvua ilikuwa imekatika. Mzee aliangalia mikono yake, mikono iliyopasuka kwenye viungo, yenye vumbi la mti ndani ya kila mstari.

"Liko jingine," alisema. "La nne. Liko mkononi mwa mtoto kama wako, na mama yake hajui. Polisi wanalitafuta. Mimi nazijua saluni na vibaraza vyote vya mji huu, maana ndimi niliyewakerezea viti vyao. Afande ameniruhusu nizunguke na Koplo."

"Alikuruhusu yeye. Mimi unaniambia nini?"

"Nakuambia hivi."

"Sema kwa sauti," mwanamke alisema. "Nesi asikie. Na huyo mama anayelia asikie. Daktari, sogea."

Daktari alisogea. Inspekta alifunga daftari lake.

Mzee Pua alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika juu ya mashine inayozunguka: "Sitakaa chini, sitaingia kwangu, wala sitaweka kitu mdomoni, mpaka kayamba la nne liwe limelala hapa, juu ya meza ya kitanda hiki, mbele ya macho yako. Na likishalala, nitakwenda na afande popote atakaponipeleka, na nitasema haya haya."

Mwanamke aliichukua ile sahani ya chuma ya daktari, iliyokuwa sasa juu ya meza ya kitanda na kayamba la mwanawe, akaihamishia upande wa pili wa meza, akaacha nafasi ya la nne.

"Tumesikia," alisema.